DNA ya mhogo ipo, lakini PCR inakataa

Swali: Niko mwaka wa nne, biokemia, hapa Kisumu. Kwa mradi wangu nilitoa DNA kwa CTAB (sabuni ya kemikali inayopasua seli) kutoka majani ya mhogo niliyochuma Busia. Uwiano wa mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 na 280 (260/280) ni 1.85, ila ule wa 260/230 ni 0.6. PCR (mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi) haitoi bendi (mstari wa DNA kwenye jeli) hata moja, ilhali kontroli chanya (DNA inayojulikana kufanya kazi), kwa praima (vipande vifupi vya kuanzishia kunakili) zilezile, inatoka vizuri. Ninunue praima nyingine?

Jibu: Usinunue kitu bado. Kontroli imeshakuonyesha kwamba praima, enzaimu na mashine ni nzima. Tatizo liko kwenye ile 0.6. Hiyo 1.85 inakuhakikishia tu kwamba protini si nyingi. Polifenoli (kemikali za mmea) na polisakaraidi (minyororo ya sukari) hujitokeza karibu na nanomita 230, na DNA safi ingekupa 2.0 hadi 2.2.

Thibitisha kwanza. Andaa tyubu ya kontroli chanya kama kawaida, kisha uongeze mikrolita 1 ya DNA yako. Bendi ikipotea, una kizuizi, yaani kitu ndani ya DNA yako kinachozuia PCR. Siku hiyohiyo jaribu DNA yako ikiwa imezimuliwa mara 10 na mara 50 kwa maji safi. Watu huogopa kuzimua wakidhani watapoteza DNA, kumbe nanogramu chache zinatosha, na kizuizi nacho kinapungua. BSA (protini inayonasa vizuizi) ya mikrogramu 0.4 kwa kila mikrolita ya mchanganyiko husaidia pia.

Ikishindikana, rudia kutoa. Chukua majani machanga ya kileleni, yasiyokomaa, maana yaliyokomaa yana polifenoli nyingi zaidi. Yakaushe kwa silika jeli palepale shambani: jani lililogeuka kahawia ndani ya mfuko wa plastiki kwenye matatu limekwisha kuharibika, kwani polifenoli zilizooksidika hushikamana na DNA na haziondoki kwa kuosha. Kwenye bafa ya CTAB asilimia 2 yenye NaCl molari 1.4, weka PVP (inayonasa polifenoli) asilimia 2, na beta-merkaptoethanoli (inayozuia uoksidishaji) asilimia 0.2 dakika ile unayoitumia, ndani ya kabati la kuvuta mvuke. Pasha majani yaliyosagwa ndani ya bafa hiyo kwa nyuzi 65, dakika 30 hadi 60. Baada ya klorofomu, ongeza nusu ujazo wa NaCl molari 5 kabla ya kuweka alkoholi, ili polisakaraidi zibaki kwenye maji. Usisukume sentrifuji ya klorofomu kwenye baridi; CTAB huganda.

Kisha pitisha DNA kwenye jeli ya agarosi asilimia 0.8 kabla ya PCR, uone kama ni nzima, kwa sababu spektrofotomita, mashine iliyokupa zile namba, huhesabu hata RNA.