Ile Baiskeli ya Babu Yako

Mwanangu,

Sisi hatujambo. Goti la mama yako ndilo lile lile, usimuulize kwenye simu maana atakueleza. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza kama nitakasirika ukiikata ile Phoenix ya babu yako iliyoko stoo kwa shangazi, uiunganishe na ile minyororo na mitungi uliyookota, iwe sanamu. Na kwa kuwa unajua kumlainisha mzee, umenitumia na picha ya fahali wa Picasso, yule msanii wa Kihispania.

Nianze na fahali, baiskeli nitaifikia. Mwaka 1942, Paris imeshikwa na Wajerumani, mtu anaokota siti na usukani wa baiskeli kuukuu, anavishikamanisha, kwisha. Nilimwona fahali kwanza. Kisha nikaiona siti, fahali akatoweka. Nikageuza simu, karudi. Mama yako amesema huo ni usukani tu, na kwamba yule ndege mbuni uliyemuunda kwa vijiko ni bora zaidi, ingawa mpaka leo anamwita kuku. Mimi kilichonikuna ni maneno ya Picasso mwenyewe baadaye, kwamba asingeona vibaya siku moja fahali akitupwa jalalani, apite mtu amwokote na kusema hiki kitanifaa kwenye baiskeli yangu. Unaona? Miaka yote mnanicheka nikisema kitu hakifi, kinahama kazi.

Babu yako angekubali nusu tu ya hayo. Wewe ulimkuta amestaafu, kazi yake kukemea paka. Hukumwona pale Gerezani, Dar, na mkasi wake wa bati, makopo ya mafuta na ya maziwa yamepangwa upande huu, vibatari upande ule. Alikuwa akilikata kopo, analinyoosha kwa nyundo ya mti, halafu kabla ya kulikunja tena analigeuza, maandishi yaende ndani. Kila mara. Nje bati jeupe tupu, kama limetoka kiwandani kwa ajili ya kibatari. Mteja alikuwa hajui kama anashika kopo la maziwa ya mtoto. Kwake hiyo ndiyo heshima ya fundi: kitu kikishahama kazi, kisikumbushwe kilikotoka.

Basi siku moja, mimi niko darasa la sita, akaja mama mmoja wa Kizungu. Akavipita vizuri vyote, akachakura kwenye boksi la vilivyoharibika, akatoka na kimoja ambacho maandishi yalibaki nje kwa sababu bati lilipasuka upande wa pili. Hicho ndicho alichokitaka. Na vingine kumi kama hicho, maandishi yaonekane! Babu yako alivitengeneza jioni, baada ya majirani kufunga, wasimwone. Nakumbuka alivyokuwa akilehemu huku amekunja uso, kama mtu anayeshona shati ndani nje.

Kisha yule mama akataka chini ya kila kimoja liandikwe jina la fundi. Babu yako alisoma chuoni, msahafu alikuwa anaufungua popote, lakini hizi herufi za shule hakuzijua. Akanipa msumari.

Sijawahi kumwambia mtu haya, hata mama yako. Jina la babu yako lina herufi kumi na moja, langu tatu. Nilichonga lake kwenye sita. Cha saba nikachonga langu, na cha nane, mpaka cha kumi. Kwa miaka mingi nimejiambia ni mkono tu ulichoka, bati ni gumu. Si kweli. Au ni kweli kwa cha saba. Cha nane nilijua ninachokifanya. Babu yako alivichukua kimoja kimoja, akapitisha kidole gumba juu ya zile alama, akasema nimeandika vizuri. Akanipa sumni nikanunue kashata.

Vitakuwa kwenye rafu ya mtu huko Ulaya, kama havijatupwa. Vinne vina jina la mtoto ambaye hata chuma cha kulehemu hakujua kukishika.

Kwa hiyo unaponitumia mambo ya wasanii, mimi macho yanakwenda kwenye mikono. Yule Mghana, El Anatsui, aliyepewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kule Venice mwaka 2015 kwa kazi ya maisha yake: vizibo vya chupa za pombe kwa maelfu, vimepondwa, vimekunjwa, vimeshonwa kwa waya wa shaba mpaka vinaning'inia kama kitambaa cha mfalme. Pale Nsukka, Nigeria, vijana wengi wamekaa wakifunga vile vizibo kwa vidole. Jina tunalolijua mimi na wewe ni moja. Lakini nani kawaza kitambaa? Yeye. Bila yeye ni vizibo. Bila wao pia ni vizibo. Hapo nakwama kila mara, na mimi ndiye mtu wa mwisho wa kumnyooshea mwenzake kidole kuhusu majina.

Na bado ninyi mnafanya kinyume cha babu yako. Yeye alificha kopo, ninyi mnataka kopo lionekane ndani ya kibatari. Zamani ningekwambia ni uvivu wa kumalizia kazi. Kile kiti cha bunduki cha Kester, msanii wa Msumbiji, ndicho kilichoniyumbisha, cha mwaka 2001, kiko British Museum kule London. Vita viliisha 1992, makanisa yakaanza kukusanya bunduki, unaleta silaha unapewa jembe, cherehani, au baiskeli. Silaha zikakatwa, wasanii wakapewa vipande. Sasa ukiligeuza bati pale, ukazificha zile bunduki, umebaki na kiti tu, tena kibovu cha kukalia. Lazima zionekane. Hapo babu yako angenyamaza, na unajua alikuwa hanyamazi.

Lakini bunduki ilistahili kukatwa, haina wa kuililia. Baiskeli imekosa nini? Imebeba vibatari mpaka Kisarawe, imembeba bibi yako akiwa na mimba ya shangazi, imenibeba mimi hospitali usiku wa manane nikiwa nimefungwa kwenye keria kwa kanga. Huko Msumbiji watu walitoa bunduki wapate baiskeli, wewe unayo unataka kuikata! Haya, nimeanza kukasirika, na ulichouliza ndicho hicho. Tena mimi ninayehubiri kuhama kazi nimeiacha miaka tisa gizani haina kazi yoyote. Hilo umelikwepa kwa adabu, nimeliona.

Sisemi kata. Sisemi usikate. Ninalo jibu, liko hapa ulimini, ila nikilitoa hiyo sanamu itakuwa yangu, na mimi nimeshachonga jina langu kwenye kazi za watu.

Ukipafikia pa kuandika jina, nipigie kwanza.

Ufunguo anao shangazi, nimeshamwambia utakuja. Tairi la nyuma halina upepo kabisa, njoo na pampu.

Baba yako