Mlowezi kutoka Ireland aliyefika Virginia kabla ya 1776: tumtafute wapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni Mtanzania, nimeolewa Marekani, tunaishi Minnesota. Mama mkwe wangu anasema mzee wa kwanza wa ukoo wao, jina lake John, alitoka Ireland akahamia kaunti ya Augusta, Virginia, miaka ya 1740. Mtandaoni nimekuta miti ya ukoo zaidi ya kumi, yote inasema alizaliwa Londonderry mwaka 1710, na hakuna hata mmoja unaoonyesha karatasi. Orodha za abiria nimetafuta, sikuona kitu. Ubatizo wa Ireland nao umenipa akina John watano. Nataka kuwaachia wanangu kitu cha kweli. Nianzie wapi, na je, kipimo cha DNA kitasaidia?

JIBU: Marahaba, dada. Ireland iache kwanza. Jina la kitongoji alikotoka mzee huyu, kama liliwahi kuandikwa, kuna uwezekano mkubwa liliandikwa Amerika, na hulipati mpaka uwe umemtenganisha na akina John wengine wa Augusta. Wanaoanzia Ireland huishia kumwokota John yeyote mwenye umri unaolingana, na miti ya namna uliyoikuta huzaliwa hivyo. Miti kumi iliyonakiliana ni shahidi mmoja tu, tena ambaye hakuwepo.

Orodha ya abiria usihangaike nayo tena. Serikali ya Marekani ilianza kuzidai meli orodha hizo mwaka 1820. Pennsylvania ilikuwa ikiandikisha wageni tangu 1727, lakini waliolengwa ni Wajerumani. Mtu wa Ireland alikuwa raia wa mfalme yuleyule, akashuka gatini akaenda zake. Na hiyo Londonderry huenda ni bandari tu. Meli zilipakia watu hapo, na pia Belfast, Newry, Larne na Portrush. Aliyepandia Londonderry angeweza kuwa mtu wa Donegal au Tyrone. Meli nyingi zilipeleka Ulster, yaani kaskazini mwa Ireland, mbegu za kitani kutoka Philadelphia, zikarudi na abiria. Ndiyo maana wengi walishukia Philadelphia au New Castle ya Delaware, wakakaa Pennsylvania kwa muda, kisha wakateremka na mikokoteni hadi bonde la Shenandoah, Virginia, iliko Augusta. Kaunti za Chester na Lancaster za Pennsylvania zitakuhusu baadaye.

Anza na watu walio hai, upande kizazi kwa kizazi, na kila kiungo kiwe na karatasi inayosema fulani ni mtoto wa fulani. Kazi ni nyepesi hadi sensa ya 1850, ya kwanza kumtaja kwa jina kila mtu huru wa kaya. Nyuma ya hapo utategemea hati za ardhi, wosia na kodi.

Kwa Augusta, ardhi ndiyo kila kitu. Kaunti iliundwa kisheria mwaka 1738, ila mahakama yake ilianza kazi 1745. Katikati hapo mambo yaliandikwa Orange, kaunti iliyomegwa kuunda Augusta. Baadaye ikamegwa: Botetourt 1770, Rockbridge na Rockingham 1778. Mtu ambaye hakuwahi kuhama nyumba anaweza kuonekana kwenye vitabu vya kaunti tatu, na wasiojua humwandika kuwa alihama mara mbili.

Kosa jingine ni kutafuta kwenye hati za ardhi zilizotolewa na gavana peke yake. Picha zake ziko bure kwenye tovuti ya Library of Virginia, lakini sehemu kubwa ya eneo hilo ilikuwa imeshatolewa kwa mabwana wawili: William Beverley alipata ekari 118,491 mwaka 1736, na Benjamin Borden ekari 92,100 upande wa kusini. Walowezi walinunua vipande kutoka kwao. Kwa hiyo jina la mzee wako litafute kwenye vitabu vya mauziano vya Orange na Augusta, upande wa wanunuzi. Tovuti ya ukoo ya FamilySearch ina picha za vitabu vingi vya namna hii bila malipo, na utafutaji wake mpya unaosoma mwandiko wa mkono humwibua mtu hata pale alipotajwa kama shahidi au jirani, jambo ambalo faharasa za zamani hazikulifanya.

Ukiwa Orange, pitia pia kitabu cha maamuzi ya mahakama cha mwishoni mwa miaka ya 1730 na mwanzoni mwa 1740, utafute viapo vya kuingia koloni. Mlowezi alisimama mahakamani akaapa kwamba amejileta yeye na familia yake, mara nyingi kila mmoja kwa jina, kutoka Ireland hadi Philadelphia na kutoka huko hadi koloni hii, kwa gharama zake mwenyewe. Alikuwa akidai ekari 50 kwa kila kichwa. Hakuna karatasi ya Augusta inayokaribia orodha ya abiria kuliko hiyo. Ila tarehe yake ni ya kiapo, si ya kushuka melini, na kati ya hayo mawili inaweza kupita miaka mingi. Haki hiyo pia iliuzika, kwa hiyo usishangae kuona ekari zimechukuliwa na mtu mwingine kabisa.

Sasa akina John. Chukua hati ya kila mmoja uichore. Itasema, kwa mfano: anzia mwaloni mweupe kwenye kona ya jirani fulani, nenda kaskazini digrii 40 mashariki, fito 120. Fito moja ni futi 16.5, yaani mita 5.03, hivyo mstari huo ni kama mita 604. Fito za mraba 160 ni ekari moja. Tumia karatasi ya miraba, sentimita moja kwa fito 20. Mstari wa mwisho ukikataa kurudi kwenye mwaloni, mara nyingi karani aliyenakili ameruka mstari au amegeuza mashariki kuwa magharibi. Fungua hati ya jirani mwenye mpaka huohuo usahihishe. Ukishaunganisha vipande vitatu vinne, John wa kijito hiki na John wa kijito kile wataachana wenyewe.

Juu ya ramani hiyo ongeza alama za mtu. Jina la mke huonekana anapokubali kuachia haki yake ardhi inapouzwa. Anayeandika saini yake hawezi kuwa yule anayetia alama ya mkono mwaka huohuo, labda awe mahututi, kama wengi walivyokuwa walipoandika wosia. "Mkubwa" na "mdogo" baada ya jina hayamaanishi baba na mwana; yanatenganisha wawili wa eneo moja, na mkubwa akifa mdogo hupanda cheo. Ukimwona mtu anauza ardhi ya mzee bila hati ya kuinunua wala wosia unaompa, mchukulie kwanza kuwa mwana wa kwanza wa kiume, kwa sababu sheria ya Virginia ilimpa huyo ardhi yote baba akifa bila wosia, hadi ilipobadilishwa mwaka 1785. Na aliyeachiwa shilingi moja hakulaaniwa. Mara nyingi alikuwa ameshachukua fungu lake.

Cheti cha ndoa usikitarajie. Walowezi hawa wengi walikuwa Wapresbiteri, na wachungaji wao hawakutambuliwa kisheria kufungisha ndoa Virginia hadi sheria ya 1780. Kwenye ubatizo una bahati zaidi: Mchungaji John Craig, mwenyewe mtu wa Ulster, aliacha daftari la ubatizo la 1740 hadi 1749 la makanisa ya Augusta Stone na Tinkling Spring. Kumbuka tu kwamba hadi 1752 mwaka ulianza Machi 25. Mtoto wa Februari 1741 kwenye daftari ni wa Februari 1742 kwetu, na hapo ndipo miti mingi humzalisha mtoto kabla ya harusi.

Ireland utaigusa pale tu wosia, barua ya kanisa au kaburi litakapotaja parokia. Hifadhi ya taifa ya Dublin iliungua Juni 30, 1922, na madaftari mengi ya Wapresbiteri huko yanaanza baada ya John kuzaliwa. Ndiyo maana akina John wako watano hawathibitishi lolote. Yaliyosalia ni vipande: nakala za orodha ya Waprotestanti ya 1740 na sensa ya dini ya 1766, zinazotafutika kwenye tovuti ya PRONI, hifadhi ya nyaraka ya Ireland Kaskazini iliyoko Belfast, na masjala ya hati za ardhi ya Dublin iliyoanza 1708, yenye faharasa ya wauzaji na ya maeneo lakini si ya wanunuzi. Usitafute jina moja. Chukua majina manne matano ya majirani na mashahidi wake wa Augusta uone ni parokia ipi inayo yote. Watu hawa walihama kwa makundi.

Kuhusu DNA, kipimo cha kawaida hakitafika. Babu wa kizazi cha nane humpa mzao wastani wa 1/256, na wazao wengine hawabebi hata kipande chake. Kinachofaa ni kipimo cha Y, yaani kromosomu inayopita baba kwa mwana. Agiza kinachopima alama 111 za kromosomu hiyo, si 37, kwa sababu kundi la kinasaba liitwalo M222 limejaa Ulster na Scotland, na humo alama 37 hukulinganisha na watu wasiokuhusu. Wapime wanaume wawili walioshuka kwa wana wawili tofauti wa John. Wakilingana, ndipo utafute wa kulinganisha nao Ireland. Umesema habari hizi ni za mama mkwe. Kama ukoo ni wa kwao alikozaliwa, mume wako hana Y hiyo. Mwombe kaka wa mama mkwe, au mtoto wa kiume wa kaka huyo.