Siku ya kurudishiwa pepa ndo inamjenga mwanafunzi

Nimefundisha hesabu miaka mingi, na kama kuna kitu kimoja ningeomba walimu wenzangu na wazazi wakifikirie ni ile siku pepa zinaporudishwa darasani. Tunaongea sana kuhusu kuwajenga vijana wajiamini, wawe wavumilivu, wawe na stadi za maisha, na kuna semina na mabango ya hayo mambo, sawa, vinasaidia, ila mi naamini kabisa mtoto anajengwa au anavunjwa moyo palepale anapopokea karatasi yake.

Waangalie siku hiyo. Jicho linaenda moja kwa moja kwenye maksi pale juu, alafu pepa inakunjwa katikati, inazama kwenye begi, imeisha hiyo. Yale maelezo uliyokesha ukiyaandika pembeni kwa peni nyekundu hamna anayeyasoma. Mwenye 80 ameshafurahi, mwenye 23 anaona aibu hataki hata kuiona tena. Wote wawili wametoka na habari moja tu, yuko wa ngapi darasani.

Na hili sio hisia zangu tu. Mwaka 1988 mtafiti mmoja wa Israeli, Ruth Butler, alichapisha utafiti ambao wanafunzi waligawanywa makundi, wengine wakapewa alama tu, wengine maoni tu ya kazi yao bila alama, wengine vyote viwili. Waliopewa maoni tu ndo walioendelea kufanya vizuri na kubaki na hamu ya kazi. Sasa lililonigusa zaidi ni lile kundi la tatu, maana ungedhani ukimpa mtoto alama na maoni pamoja umempa kila kitu, kumbe matokeo yao yalifanana zaidi na wale wa alama tupu. Yaani ile namba inameza maneno yote.

Kwa hiyo mimi narudisha pepa bila maksi. Maksi ninazo kwenye daftari langu, zitakuja kipindi kinachofuata. Kwenye pepa napiga mstari mahali hesabu ilipoanza kupotea na naandika swali. Mfano mwanafunzi kafungua mabano ya −3(x − 4) akapata −3x − 12, simwandikii jibu wala simpigi mkasi, naandika tu "hasi mara hasi imekupa nini hapa?" basi. Alafu wanapata kipindi kizima cha kurekebisha, na kila kosa alilorekebisha aniandikie sentensi moja kwamba ilipotea wapi, na akieleweka namrudishia nusu ya maksi za hilo swali. Wakianza wanalalamika sana, wanataka maksi zao, wape muda, baada ya testi mbili tatu utasikia wanabishana kuhusu hesabu yenyewe badala ya kuulizana umepata ngapi.

Kuna binti nilimfundisha alikuwa akikosea anafuta kwa raba mpaka karatasi inatoboka, hakutaka mtu yeyote aone kwamba hapo paliwahi kuwa na kosa. Nikamwambia mwanangu usifute, piga mstari mmoja tu juu yake lisomeke, alafu andika jipya chini. Hakupenda. Ila alivyoendelea akaanza kuona mwenyewe kwamba makosa yake karibu yote ni yaleyale, ile hasi inayokaa mbele ya mabano, na siku moja nakuta kaandika kwa ndani ya jalada la daftari "mabano kwanza, angalia hasi". Hakuna aliyemwagiza. Nilifurahi kuliko angepata mia, manake mtu anayejua mwenyewe huwa anakosea wapi ana stadi ambayo ataenda nayo hata kwenye kazi isiyo na hesabu hata moja.

Tuangalie na tunavyowasifia. Mwaka 1998 wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha kwamba watoto waliosifiwa kuwa wana akili, walipokutana na maswali magumu walikata tamaa haraka kuliko waliosifiwa kwa juhudi, na hata walivyorudi kwenye maswali ya kawaida walishuka. Ukifikiria inaeleweka, ukishaambiwa we una akili, kila swali linalokushinda linakunyang'anya hilo jina. Mi nasifia kitu ninachokiona, "umejaribu njia ya pili ya kwanza ilipokwama", na kama hajajituma simdanganyi kwamba kajituma.

Ila naomba tusichanganye uvumilivu na kumwacha mtoto ateseke. Mtoto anayekuja darasani na njaa, au anayepigwa nyumbani, hahitaji kuambiwa ajikaze, anahitaji msaada. Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake walifuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 kwenye kisiwa cha Kauai, Hawaii, wakawafuata mpaka utu uzima, na kwenye wale waliokulia mazingira magumu kabisa karibu theluthi moja walikuja kuwa watu wazima walio imara. Moja ya mambo waliyokuwa nayo ni mtu mzima angalau mmoja wa kumtegemea, na kwa baadhi yao mtu huyo alikuwa mwalimu. Mwalimu mwenzangu hilo tusilichukulie poa, salamu yako na kulijua jina lake vina uzito, na kusoma maksi kwa sauti kuanzia wa mwisho nako kuna uzito wake, uacheni huo mtindo tafadhali.

Mzazi, we huna haja ya kujua hesabu. Badala ya "umepata ngapi" mwambie "nionyeshe swali lililokushinda", akae akueleze, hata kama huelewi msikilize tu, akieleza utaona mara nyingi anagundua mwenyewe katikati ya sentensi.

Na kama darasa lako limejaa na huwezi kuandika maswali kwenye kila pepa, nakuelewa kabisa, chagua swali moja tu ambalo wengi wamelikosa, liandike ubaoni kama lilivyokosewa bila jina la mtu, wakae wawili wawili watafute lilipopotea. Usiwaambie jibu mpaka angalau nusu yao wawe wameshalikamata.