Maswali ya Wasomaji: Tyubu Zinazochanika, Sponji Inayomung'unyika

SWALI: Kwa kazi yangu ya sanaa, nimekata tyubu za lori kuwa mapande, nikayachana mistari na kuyapigilia ukutani yaning'inie kama pazia. Wiki mbili baadaye matundu ya misumari yamepanuka na michano imepanda juu. Je, nitafute mpira mnene zaidi?

JIBU: Mpira mnene utakuongezea uzito tu. Wenye unene wa milimita 3 una takriban kilo 3.5 kwa mita ya mraba, kwa hiyo pande la mita 1 kwa 2 ni kilo 7, na zote umezitwika misumari michache. Ubane ukingo wa juu katikati ya mbao mbili, ukaze kwa bolti za milimita 6 zenye washa pana, kila sentimita 15. Piga msasa pembe za mbao zinazogusa mpira. Pembe kali hukata polepole.

Kabla ya kupitisha kisu, toboa tundu la duara la milimita 6 pale mchano utakapoishia, kwa kitoboleo cha fundi viatu. Mvuto unaojikusanya kwenye ncha kali husambaa kwenye duara. Msumari haufai: huacha mpasuko mdogo, na mchano hurukia hapohapo.

Palipokwisha kuchanika, ziba kama fundi baiskeli. Osha poda kwa sabuni na maji, kausha, kwangua kwa msasa, paka solusheni pande zote mbili, subiri isinate kidoleni, ndipo ugandamize. Hapo ndipo wengi hukosa subira na kiraka kikabanduka. Petroli iache, huvimbisha mpira.

Mikunjo ikibadilika kila unapotundika upya, usiifunge kwa waya. Mchongaji Robert Morris wa Marekani, aliyeanza kuning'iniza felti nene ya viwandani (kitambaa cha nyuzi zilizoshindiliwa) mwaka 1967, aliiachia ianguke itakavyo. Nasi tunaona waya huiua kazi ya namna hii.

SWALI: Sponji ya godoro niliyoifunga kwa kamba imekuwa ya manjano na inamung'unyika. Niipake vanishi?

JIBU: Hapana. Vanishi hukauka ikawa ngumu, na sponji ikibonyea inapasuka. Mwanga na hewa ndivyo vinavyoila, na iliyokwisha kumung'unyika haiponi. Lateksi, yaani utomvu wa mpira, nayo haina nafuu: kazi za lateksi za mchongaji Eva Hesse za mwishoni mwa miaka ya 1960 zimegeuka kahawia na kukakamaa. Weka sponji mpya mbali na dirisha, tunza kiolezo cha karatasi cha kila kipande, na mnunuzi umwambie mapema kwamba sponji itabadilishwa.