Maswali ya wasomaji: Wikendi ya mwalimu wa Kiswahili katika mji mdogo wa Marekani

Kwa miaka mingi walimu vijana kutoka Kenya na Tanzania wamekuwa wakienda vyuo vya Marekani kufundisha Kiswahili huku wao wenyewe wakisoma, wengi wao kupitia mpango wa Fulbright wa walimu wasaidizi wa lugha. Vyuo vingi kati ya hivyo viko katika miji midogo. Barua tulizopokea safari hii zinahusu Athens, jimbo la Ohio, na zote zinauliza habari za Jumamosi na Jumapili.

Shikamooni wahariri. Nimepangiwa Ohio University kwa mwaka mmoja wa masomo. Waliotangulia wananiambia darasani hakuna shida, shida ni wikendi. Sitakuwa na gari. Nijipange vipi?
*Mwalimu, Morogoro*

Marahaba, mwalimu, na hongera. Waliokutangulia wamesema kweli. Athens ina wakazi karibu 24,000 na wengi wao ni wanafunzi. Ijumaa jioni ofisi za chuo hufungwa, mabasi ya mji hupunguza safari, na wenye magari wanakuwa wameshaahidiana na watu wengine. Atakayeanza kufikiria Jumamosi yake Ijumaa usiku ataimalizia chumbani. Kwa hiyo wikendi yako ipange Alhamisi jioni, na mambo ya kupanga ni haya: chakula, nguo, usafiri na mtu wa kuwa naye.

Tuanze na nguo, maana kazi yake huisha haraka. Fua Alhamisi usiku. Mashine ya kufulia huchukua kama nusu saa na ya kukaushia karibu saa nzima, lakini Jumapili jioni bweni zima hufua na utasubiri zamu. Kanga na vitenge vipya usivichanganye na kitu kingine, uvifue kwa maji baridi kisha uvianike chumbani. Joto la mashine ya kukaushia husinyaza pamba, na rangi ya kanga ikichuja mara moja, mashati yote meupe yamekwenda.

Maduka makubwa ya chakula yako East State Street, upande wa mashariki wa mji. Nenda Ijumaa mchana baada ya kipindi, mabasi yakiwa bado mengi, na ubebe begi la mgongoni. Katika duka la Aldi toroli hufunguliwa kwa sarafu ya senti 25, nayo hurudi ukirudisha toroli. Bei ya rafuni si lazima iwe ndiyo utakayolipa, maana kodi ya mauzo huongezwa kaunta. Ila Ohio haitozi kodi hiyo kwenye vyakula vya kwenda kupika nyumbani. Soda hutozwa.

Unga wa ugali ndipo wengi wanapokosea. Tafuta unga mweupe wa mahindi uliosagwa laini, usio na nyongeza. Pakiti iliyoandikwa "self-rising" iache. Ndani yake mna unga wa ngano, hamira ya unga na chumvi, na ugali wake huumuka, huwa na chumvi na haushikani. Ule wa Kimexico wa masa harina umetengenezwa kwa mahindi yaliyochemshwa na chokaa. Utanata mkononi na harufu yake si ya ugali. Ule wa njano unafaa, ila una utamu kidogo. Kwa mtu mmoja pima vikombe 2 vya maji, toa kidogo ukorogee uji yakiwa baridi, chemsha yaliyobaki, umiminie uji huo, kisha ongeza unga kidogo kidogo mpaka ufikie kama kikombe 1 na robo. Sahani ya jiko la umeme haipoi upesi, kwa hiyo punguza moto kabla hujaanza kusonga, la sivyo chini utaungua na katikati utabaki mbichi. Funika na uupe muda, dakika 10 kwa jumla.

Sukuma wiki ipo, tena tele. Wamarekani huiita collard. Majani yake ni mapana na mazito kuliko ya kwetu, hivyo toa uti wa kati, kunja majani kama sigara, katakata membamba kabisa na upike dakika kumi badala ya tano. Inayovunwa baada ya baridi ya kwanza kali huwa na utamu zaidi. Mahali pazuri pa kuinunua ni soko la wakulima la Athens, ambalo limekuwapo tangu 1972 na hufanyika Jumamosi asubuhi huko huko East State Street. Wahi mapema, maana saa sita mchana watu wanafunga meza.

Ukienda Septemba utakuta sokoni tunda liitwalo pawpaw, na jina litakudanganya. Si papai. Ni la ukoo wa stafeli na topetope: ganda la kijani linalochubuka, nyama laini ya njano kama krimu, na mbegu kubwa za kahawia zilizopangana. Ladha yake iko kati ya ndizi na embe. Chagua linalobonyea kidogo ukiligusa na ulile siku hiyo au kesho yake, kwa maana halikai. Ganda na mbegu haziliwi, na mara ya kwanza kula kidogo tu, kwani wapo ambao huwasumbua tumbo. Mwaka 2009 Ohio ililitangaza kuwa tunda la asili la jimbo, na kila Septemba huwa na tamasha lake kando ya Lake Snowden, karibu na kijiji cha Albany, safari fupi ya gari kutoka Athens. Wiki hiyo uliza idarani mapema nani anakwenda. Ukirudi darasani Jumatatu na tunda mkononi, una kipindi kizima cha rangi, ladha na kulinganisha, na wanafunzi watasema bila kusukumwa.

Mchana wa Jumamosi toka nje. Njia ya baiskeli ya Hockhocking Adena huanzia Athens na kufuata mto Hocking kuelekea Nelsonville, na urefu wake ni zaidi ya maili 20. Haina vilima vya kuogopesha na haina magari. Ukipata baiskeli, vaa kofia ya kinga, na uwe na taa ya mbele na ya nyuma, na pampu ndogo. Anza na maili 5 kwenda na 5 kurudi mpaka miguu izoee.

Assalamu alaykum. Kijana wetu yuko Athens na anasema nyama halali ni tabu, na akipika chapati bweni zima linatolewa nje kwa kengele ya moshi. Tumsaidie vipi?
*Msomaji, Zanzibar*

Waalaykumu salaam. Kwanza, mji una msikiti, Islamic Center of Athens, na baada ya sala ya Ijumaa ndipo pa kuuliza nani anakwenda Columbus kununua nyama. Mara nyingi familia huagiza pamoja.

Akitaka kwenda mwenyewe, Columbus iko kama maili 75 na basi la GoBus huunganisha miji hiyo miwili. Asitafute treni, maana hata Columbus haina treni ya abiria tangu 1979. Akate tiketi ya kwenda na kurudi Alhamisi, na aanze kwa kuangalia saa ya basi la mwisho la kurudi. Kutoka katikati ya Columbus, basi la jiji la laini ya CMAX hupita Cleveland Avenue, na upande huo wa kaskazini kuna maduka na mikahawa mingi ya Wasomali. Jamii ya Wasomali wa Columbus ni miongoni mwa kubwa kabisa Marekani. Atapata mbuzi, ngamia, mchele wa basmati, iliki, samli na sambusa. Asishangae kusikia Kiswahili pia: wapo watu wa Barawa, mji wa pwani ya Somalia, ambao lugha yao ya Chimiini ni jamaa wa karibu wa lahaja za Lamu na Pate, na wapo Wakongo.

Nyama huuzwa kwa pauni, na pauni 5 ni kilo 2 na robo hivi. Amwombe muuzaji iliyogandishwa, aifunge mara mbili na kuiweka katika begi la kuhifadhi baridi pamoja na vibarafu. Nyama mbichi iliyokaa kwenye joto zaidi ya saa mbili si ya kuamini. Akifika aigawe katika vifuko vya pauni moja moja kabla ya kuiweka friza, ili asilazimike kuyeyusha fungu zima kwa mlo mmoja.

Kuhusu chapati, tatizo ni mafuta na moto. Siagi ina chembe za maziwa zinazoungua upesi na kutoa moshi. Atumie samli au mafuta ya alizeti. Unga mkavu unaobaki kikaangioni baada ya kila chapati huungua inapowekwa inayofuata, kwa hiyo afute kikaangio kwa karatasi ya jikoni kila mara. Moto uwe wa wastani, feni ya jikoni iwake kabla ya chapati ya kwanza. Vikombe 3 vya unga wa ngano, kijiko kidogo cha chumvi, vijiko 2 vikubwa vya mafuta na maji ya uvuguvugu kama kikombe 1 na robo hutoa chapati 8. Donge lipumzike nusu saa, kwani lisipopumzika halikubali kusukumwa jembamba, na chapati nene hukaa jikoni muda mrefu na kuleta moshi zaidi. Kengele asiifunike wala kuitoa betri, hata kwa dakika tano. Ni kosa linaloweza kumtoa bwenini, na ile kengele inalinda maisha ya watu.

Akipikia wanafunzi wake siku ya meza ya Kiswahili, yaani kikao cha kula na kuzungumza Kiswahili, aandike kikaratasi mbele ya kila chakula kueleza kilichomo. Hasa karanga. Kuna wanafunzi ambao punje moja ya karanga katika kisamvu inaweza kuwafikisha hospitali.

Je, naweza kufanya kibarua Jumamosi ili niwatumie wazazi kitu?
*Msomaji, Kisumu*

Hapana. Viza yako ya J-1, ile ya wanaokuja kwa mipango ya kubadilishana, inakuruhusu kazi ya mpango uliokuleta tu. Kuosha vyombo mgahawani, kusambaza chakula, kulea watoto kwa fedha taslimu, hata kufundisha Kiswahili mtandaoni kwa malipo, vyote ni kuvunja masharti ikiwa huna ruhusa ya maandishi ya mdhamini wako. Malipo kuwa madogo hakubadilishi lolote. Tunajua uzito wa kutazamiwa na nyumbani, ndiyo maana tunasema waziwazi: bana posho yako uwatumie kidogo, kuliko kurudishwa kabla ya mwaka kwisha. Kujitolea bila malipo kunawezekana, ila uliza kwanza ofisi ya wageni ya chuo.

Habari za kazi. Kwa kawaida Jumapili napiga simu nyumbani na kuandaa vipindi. Nimesikia saa hubadilishwa na giza huingia mapema. Nitawezaje kwenda sawa?
*Mwalimu, Mombasa*

Njema, mwalimu. Mpaka mwanzoni mwa Novemba tofauti ni saa 7. Saa tatu asubuhi Athens, Mombasa ni saa kumi jioni. Jumapili ya kwanza ya Novemba, saa nane usiku, saa za Ohio hurudishwa nyuma kwa saa moja na tofauti inakuwa 8, hadi Jumapili ya pili ya Machi. Simu hubadilika yenyewe, saa ya ukutani haibadiliki. Waambie nyumbani wiki moja kabla, maana wazazi wanaosubiri simu ya saa kumi wataanza kuwa na wasiwasi.

Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza karibu saa mbili kasorobo asubuhi na kuzama kama saa kumi na moja na dakika kumi jioni. Ukiamka saa tano Jumapili, umebakiwa na mwanga wa muda wa saa sita tu. Toka asubuhi, hata kwa nusu saa, na kazi ya mezani iwe ya jioni. Baridi ya huko inahitaji tabaka: fulana nyembamba inayobana, sweta la sufu, halafu koti lisilopitisha upepo. Koti moja nene juu ya shati halitoshi. Viatu viwe vya kuzuia maji na nafasi ya soksi nene, kwani kiatu kinachobana hupoza vidole.

Wikendi ya Novemba ya kubadilisha saa itumie pia darasani. Jumatatu fundisha saa za Kiswahili. Chora saa mbili ubaoni, moja ikisoma 9:00 na nyingine ikisoma saa tatu, uwaulize wanafunzi jua lilichomoza lini Athens na lini Mombasa. Wataona wenyewe kwamba karibu na ikweta jua hutoka saa kumi na mbili hivi mwaka mzima, ndiyo maana tunahesabu kuanzia hapo, na kwao hesabu hiyo isingewezekana.

Wanafunzi wangu wa Kiswahili wamenialika sherehe Jumamosi usiku. Niende?
*Mwalimu, Arusha*

Chakula cha jioni mezani, nenda. Sherehe ya pombe nyumbani kwa wanafunzi, shukuru na ukatae. Wengi wao hawajafika miaka 21, umri wa kisheria wa kunywa, na wewe ndiye unayewapa alama. Kuwanunulia pombe ni kosa la jinai. Waalike wao Jumamosi mchana, wapike pilau chini ya usimamizi wako: mchele vikombe 4 watosha watu 10.

Halafu, mwalimu, andika mapema tarehe za mapumziko marefu. Alhamisi ya nne ya Novemba ni sikukuu ya Shukrani, na kati ya Desemba na Januari chuo hufungwa kwa wiki kadhaa. Kumbi za chakula hufungwa na bweni lenyewe laweza kufungwa, kwa hiyo uliza ofisi ya makazi mwezi Oktoba nani anaruhusiwa kubaki. Ukitaka kutoka Marekani katika kipindi hicho, hata kwa siku tatu za Toronto, fomu yako ya DS-2019, ile uliyopewa na mdhamini kwa ajili ya viza ya J-1, lazima iwe na saini ya safari kabla hujaondoka, na uliza pia ofisi ya wageni kama utahitaji viza hai ya kurudia.