Kwa mnaoanza kazi ya kutetea haki ya kutoa mimba: anzieni mlangoni

Wiki yangu ya kwanza kwenye laini ya msaada nilimjibu mwanamke mmoja vizuri sana, na kifungu cha sheria nikamsomea, kumbe nimemkosea. Alitaka kujua kama anaruhusiwa kutoa mimba ya wiki 9. Nikamwambia ndiyo dada, sheria ya kwenu inaruhusu mpaka wiki 12. Akashukuru, akakata simu. Siku ya tatu akapiga tena: "Dada, hiyo sheria yako huku hawaijui."

Hospitali ya kwanza walitaka saini ya mume. Ya pili, daktari aliyekuwepo alisema imani yake haimruhusu, na mwenzake yuko likizo. Nilirudi kwenye sheria nikaisoma mara mbili, saini ya mume haimo. Lakini mwenye karatasi nilikuwa mimi, na aliyesimama mlangoni alikuwa yeye.

Tangu hapo nimewafundisha wageni wengi, na karibu wote huanza nilipoanzia: wanakariri sheria na hukumu, wanajua nani alishinda kesi gani. Ni mambo ya kujua. Ila haki hii mara nyingi huondoka mlangoni miaka mingi kabla ya kuondoka mahakamani, na anayeangalia mahakama peke yake huchelewa kuona.

Chukua Marekani. Kila mtu anajua hukumu ya Roe ya mwaka 1973, ambapo Mahakama ya Juu ilisema haki hii inalindwa na katiba, na kila mtu anajua hukumu ya Dobbs ya tarehe 24 Juni 2022, iliyoifuta Roe na kuyaachia majimbo yaamue. Wasichokisoma wengi ni kilichotokea katikati. Mwaka 1976 Bunge la Marekani lilizuia fedha za bima ya afya ya watu wa kipato cha chini zisilipie huduma hii, isipokuwa katika hali chache. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu iliruhusu majimbo kuweka vikwazo, mradi visiwe mzigo uliopita kiasi. Kisha ikaja sheria ya Texas ya mwaka 2013. Hii nawaomba muisome neno kwa neno, maana masharti yake mawili yaliyofunga kliniki hayasemi popote kwamba kutoa mimba ni marufuku. Inadai daktari awe na ruhusa ya kulaza wagonjwa katika hospitali iliyo ndani ya maili 30 kutoka kliniki yake. Inadai kliniki ijengwe kwa viwango vya kituo cha upasuaji, mpaka upana wa korido, hata kama inachofanya ni kutoa vidonge. Ukiisoma juu juu unaona usalama wa mgonjwa. Lakini hospitali inaweza kumnyima daktari ile ruhusa kwa sababu hana wagonjwa wa kutosha wa kulaza, na hana kwa sababu huduma yenyewe ni salama, wanaohitaji kulazwa ni wachache mno!

Kliniki zaidi ya 40 zilipungua zikabaki takriban nusu. Juni 2016 Mahakama ya Juu ikayafuta masharti yote mawili. Ushindi mkubwa, magazeti yakaandika. Lakini madaktari walishahama, majengo yalishapangishwa kwa watu wengine, na kliniki nyingi hazikufunguliwa tena. Muda wote huo Roe ilikuwa bado ni sheria ya nchi.

Kwa hiyo ukisikia nchi fulani "imehalalisha", usilibebe neno hilo hivyo hivyo. Kuna kuondoa adhabu, kuna kuruhusu kwa masharti, kuna kuandika kwenye katiba. Mahakama ya Katiba ya Kolombia iliondoa adhabu Februari 2022 kwa mimba isiyozidi wiki 24, na baada ya hapo zinabaki sababu tatu zilizowekwa mwaka 2006. Ufaransa iliuweka uhuru huu kwenye katiba Machi 2024, lakini ukomo wa wiki 14 umo kwenye sheria ya kawaida, ambayo bunge linaweza kuirekebisha. Italia inaruhusu tangu 1978, na bado zaidi ya nusu ya madaktari wake wa magonjwa ya wanawake wamejiandikisha kuwa dhamiri haiwaruhusu. Mwanamke wa mji ambao madaktari wote wamejiandikisha hivyo ana haki ya kusafiri, basi.

Jingine ni lugha, na hapa Kiswahili chenyewe kinatusaidia. Tunasema "mimba imetoka" na tunasema "ametoa mimba". Silabi chache tu, lakini la kwanza mtu hupewa pole na la pili anaweza kuitiwa polisi. Kitabibu, matibabu yake mara nyingi ni yale yale: dawa zile zile, kifaa kile kile cha kusafisha kizazi. Ndiyo maana sheria inayolenga la pili humpata na wa la kwanza. Savita Halappanavar, daktari wa meno wa miaka 31, alifariki Galway, Ayalandi, Oktoba 2012. Mimba yake ya wiki 17 ilikuwa inatoka na haikuwa na namna ya kuokolewa. Aliomba isaidiwe kutoka, akakataliwa kwa kuwa moyo wa kijusi ulikuwa bado unapiga. Maambukizi yakaingia kwenye damu. Mei 2018 asilimia 66.4 ya wapiga kura wa Ayalandi waliondoa kifungu cha katiba kilichokuwepo tangu 1983, kilichoipa mimba haki ya kuishi sawa na ya mama. Mgeni akiniambia yeye hushughulika na mimba zilizotoka tu, haya mengine hayamhusu, humsimulia kisa hiki na kumuacha afikiri.

Takwimu zitumieni kidogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria mimba milioni 73 hutolewa kwa makusudi kila mwaka, na karibu asilimia 45 kwa njia zisizo salama. Hizo mbili zinatosha kwa mazungumzo mengi.

Msiandike majina. Daftari langu la kwanza lilikuwa na majina kamili, namba za simu na tarehe, kwa mwandiko mzuri kabisa. Kiongozi wangu aliliona, hakusema neno, akalichana kurasa mbele yangu. Mwaka 2022 huko Nebraska, Marekani, polisi walipata kwa hati ya mahakama ujumbe wa Facebook kati ya mama na binti yake, ukawa ushahidi katika kesi ya kutoa mimba. Kisichoandikwa hakina wa kukikabidhi.

Kuhusu kampeni, someni kanuni kabla ya matokeo. Kansas, Agosti 2022, jimbo la kihafidhina la Marekani, asilimia 59 hivi ya wapiga kura walikataa kuondoa ulinzi wa haki hii kwenye katiba ya jimbo. Florida, 2024, asilimia 57 walitaka kuilinda na wakashindwa, kwa kuwa kule sharti ni 60. Argentina Seneti iliukataa muswada wa kuhalalisha mwaka 2018 kwa kura 38 dhidi ya 31. Wanaharakati wa kule, wanawake wanaojulikana kwa vitambaa vyao vya kijani, ambao kampeni yao ilianza 2005, walirudi, na Desemba 30, 2020 wakapata 38 dhidi ya 29.

Na wapinzani msiwatukane. Wengi wanaamini wanachosema, na baadhi yao ndio wauguzi mtakaowaomba kesho wamfungulie mtu mlango.

Yule mwanamke alihudumiwa wiki ya 11, hospitali ya tatu. Aliyefanikisha ni mwenzangu aliyenitangulia kazini miaka mingi. Mimi nilikuwa tayari ninaandika barua ya kisheria ya kurasa nne. Yeye alinyanyua simu, akaomba kuongea na karani wa mapokezi, akamsalimia vizuri, akauliza: "Daktari anayefanya hii kazi yuko zamu siku gani?"