Mleta mada, hiyo chumvi ya potasiamu usimpe mama kabla hajapima damu

Acha. Kama oda hujailipia, ifute sasa hivi, halafu urudi usome.

Naona watu wanakupongeza kwa kumjali mama, na mmoja hadi kakupa namba ya muuzaji wa bei poa. Mimi pongezi sina. Umeandika kwa mkono wako mwenyewe: mama yuko Ngaramtoni, ana presha na kisukari cha miaka mingi, anameza dawa za presha, losatani na spironolaktoni, usiku misuli ya miguu inambana. "Mtaalamu wa lishe" kamwambia potasiamu, yale madini yanayoendesha misuli na moyo, imemwishia mwilini. Sasa unataka umwondolee chumvi ya kawaida umletee ya potasiamu, na vidonge juu yake. Unauliza dozi, vyakula, saa ya kumeza, na kama ndizi mbivu zinatosha badala ya vidonge. Kurasa mbili za michango, hakuna hata mmoja aliyekuuliza: potasiamu yake ni ngapi?

Chalii wangu, karibu asilimia 90 ya potasiamu tunayokula hutolewa na figo kupitia mkojo. Losatani inapunguza utoaji huo. Spironolaktoni nayo hivyo hivyo. Kisukari cha muda mrefu kinazila figo kimya kimya, na mgonjwa anaweza asihisi chochote. Mlango wa kutokea umeshabanwa kwa dawa mbili na pengine ugonjwa, wewe unashusha gunia lingine ndani.

Haya sijayasoma mahali. Yalimkuta mzee wangu, Machame, na aliyempelekea hiyo chumvi ni mimi, kwa nauli yangu, kutoka Arusha, nikiwa najiona mtoto wa maana kuliko wote kwenye ukoo.

Kuna bwana mmoja, simtaji, alikuwa na ofisi yenye kochi jeupe, bango la matunda, na koti lililopigwa pasi kuliko la daktari yeyote niliyewahi kumwona. Alimpima mzee kwa kumshikisha kifimbo cha chuma kilichounganishwa na kompyuta. Dakika chache, printa ikatema karatasi za rangi: ini hivi, kongosho vile, potasiamu "iko chini sana". Hakutoa hata tone la damu! Potasiamu hupimwa kwenye damu, jamani, hakuna chuma cha kushika kinachoijua. Lakini karatasi ilikuwa na grafu, na mimi mtu wa grafu nikatulia.

Akatuuzia chumvi "isiyo na sodiamu kabisa, ya asili, haina madhara". Yaani ni potasiamu kloridi tupu. Kijiko kimoja cha chai cha kitu hicho kinabeba potasiamu ya karibu gramu 2.5 hadi 3. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 kwa siku kutoka kwenye chakula, tena mtu mwenye figo nzima. Mama yangu alikuwa anaitia kwenye mtori, kwenye maharage, kwenye mayai, hadi kwenye parachichi. Mzee akawa analalamika kuwa chakula kina uchungu, namjibu kwa simu avumilie, dawa ndivyo zilivyo.

Akaanza kusema miguu imelegea. Tukasema uzee. Akasema midomo ina ganzi. Nikampigia yule bwana, akanieleza kwa sauti ya upole kabisa kwamba hizo ni sumu zinatoka, mtu huchoka kidogo kabla ya kupona. Nikaelewa. Wallahi nikaelewa, na nikamweleza mama naye akaelewa. Usinicheke, wewe mwenyewe uko hatua moja nyuma yangu.

Asubuhi moja mzee akashindwa kuinua mguu kuvuka kizingiti cha jikoni. Kizingiti chenyewe hakifiki hata kimo cha kiganja. Alishika kiunzi cha mlango, akatazama mguu wake, akatutazama sisi, hana maumivu, mguu tu hauendi.

Hospitali tulimkuta daktari kijana, dada mmoja mtaratibu. "Shikamoo baba. Unatumia dawa gani?" Nikadakia mimi, nikataja losatani, spironolaktoni, halafu nikaongeza kwa majivuno kwamba chumvi tulishaacha, sasa tunatumia ya potasiamu. Kalamu ikasimama. Akauliza, "Na dawa za maumivu?" Mama akatoa kwenye pochi karatasi ya diklofenaki ya magoti, ya duka la jirani, ambayo mimi hata sikujua ipo. Kumbe nayo inazibana figo na kupandisha potasiamu.

Majibu: potasiamu 7.2. Kawaida ni 3.5 hadi 5.0 (milimoli kwa lita ya damu). Walichukua damu nyingine kuhakikisha, kwa sababu mkono ukifungwa muda mrefu au chembe zikipasuka kwenye sampuli namba inaweza kupanda kwa uongo. Lakini hawakusubiri, maana kipimo cha umeme wa moyo kilikuwa tayari kinaonyesha moyo umevurugika, mawimbi yamechongoka juu. Wakampa kalsiamu ya mshipa ili kuulinda moyo (yenyewe haishushi potasiamu, inanunua muda tu), wakampa insulini pamoja na glukosi ili potasiamu iingie ndani ya seli, kisha wakamvisha kifaa cha kuvuta mvuke wa salbutamoli, dawa ya pumu, ambayo nayo inasaidia kuisukuma ndani. Mzee akakisogeza pembeni, akaniuliza, "Sasa na pumu nimeipata lini?"

Nilicheka huku natetemeka. Mashine ya kusafisha damu ilikuwa inaandaliwa, bahati ikaanza kushuka kabla hajafikishwa. Bima ilibeba kitanda, mengine yalitoka kwangu, na kiwanja nilichokuwa nakilipia kidogo kidogo kina mwenyewe mwingine leo. Kwenye ukoo naitwa Daktari, na si kwa heshima.

Nilimrudia yule bwana na karatasi ya hospitali. Unajua alisemaje? Kwamba mwili wa mzee ulikuwa mchafu kuliko alivyodhani, na kwamba ana kifurushi cha kusafisha figo, kwangu atanipunguzia bei. Nilitoka bila kumjibu kwa sababu nilikuwa na mkwe garini.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitairudia hadi mods wanifungie: PIMA KWANZA. Potasiamu na kreatinini (hii inaonyesha figo zinafanyaje kazi), damu ya mshipa, maabara yenye akili. Bila namba hizo mbili hakuna chumvi, hakuna kidonge, hakuna poda ya kijani ya kukoroga.

Na usichukulie kwamba mtu wa presha ni mtu wa presha tu. Aliye kwenye dawa za kukojoza kama furosemidi au bendro (bendroflumethiazaidi) anaweza kweli kupoteza potasiamu kwenye mkojo. Aliye kwenye losatani, lisinoprili, enalaprili, kaptoprili au spironolaktoni anaelekea upande wa pili. Soma jina kwenye pakiti. Hata Septrin, ile antibiotiki ambayo huku tunaimeza kama peremende, ina kitu kinachopandisha potasiamu, hasa kwa mzee mwenye figo zilizochoka. Kubanwa misuli nako kuna sababu kibao. Huwezi kuona msuli umekaza ukasema hii ni potasiamu, kama vile huwezi kusikia tumbo likinguruma ukajua mtu alikula nini.

Yule aliyeweka hapo juu habari za Shirika la Afya Duniani kwamba chumvi zenye potasiamu zinafaa, hajadanganya. Mwongozo wao wa 2025 upo, na utafiti mkubwa wa vijijini China uliotoka 2021 ulionyesha kiharusi kinapungua kwa waliotumia chumvi iliyochanganywa robo potasiamu kloridi. Tatizo ni kwamba amekata kipande. Mwongozo huohuo unawaweka kando wenye matatizo ya figo, na utafiti haukuchukua watu wenye ugonjwa mkubwa wa figo. Kwangu mimi nisiye na presha wala sukari, ninaitumia? Hapana, lakini hiyo ni hasira, si sayansi.

Vyakula, haraka haraka: ndizi mbivu moja ya wastani ina miligramu 400 hivi, nusu parachichi karibu 500, kikombe cha maharage yaliyoiva karibu 700, kiazi mviringo cha wastani kilichookwa na ganda lake kama 900. Mtu wa huku anayekula mtori, kiburu (ndizi na maharage), makande na mchicha, potasiamu haimpigi chenga kirahisi. Ikishuka, mara nyingi ni kuharisha, kutapika au dawa za kukojoza. Na ikiwa ya mama itakutwa juu, mambo yanageuka: viazi na ndizi anamenyewa, vinakatwa vidogo, vinachemshwa kwenye maji mengi na maji yanamwagwa. Magadi ya kwenye kiburu nayo yaacheni, ile ni sodiamu, na mengi ya huku yana floraidi.

Dozi sikupi.

Kesho mpeleke asubuhi. Beba dawa ZOTE kwenye mfuko, na za magoti, na za kienyeji, na hiyo karatasi ya rangi kama mlipewa, daktari naye acheke. Losatani asiiache kwa sababu ya maneno yangu, huo ni uamuzi wa daktari wake. Akilegea miguu au mapigo yakianza kurukaruka usiku huu, usingoje kesho.

Majibu yakitoka weka hapa namba mbili tu, potasiamu na kreatinini. Jina la mama lifiche.